Bonobo, Ndugu wa Sokwe Aliye Ng'ambo ya Mto Kongo

Katika nchi za Afrika ya Mashariki jina la sokwe ni maarufu. Wako wengi katika misitu ya Kibale na Budongo nchini Uganda, na wengine wako Gombe na Mahale nchini Tanzania, kando ya Ziwa Tanganyika. Kenya haina sokwe wa mwituni, ila wako wale walioletwa kutoka Bujumbura tangu mwaka 1993 ili kuepushwa na vita vya Burundi, wakatengewa mahali pao katika hifadhi ya Ol Pejeta, karibu na mji wa Nanyuki. Lakini ni watu wachache wanaojua ya kuwa sokwe huyu anaye ndugu yake, ambaye haonekani mwituni mahali po pote duniani isipokuwa katika nchi moja tu. Ndugu huyo aitwa bonobo, na nchi yake ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo.

Yafaa kwanza kuondoa kosa moja la lugha. Watu wengi humwita kila mnyama wa namna hii nyani au kima. Si sawa. Nyani, kima, tumbili na mbega wote wana mikia. Bonobo, sokwe, gorila, na yule orangutani akaaye mbali katika visiwa vya Borneo na Sumatra, hawana mkia kabisa. Ubongo wao ni mkubwa zaidi, na kwa damu wako karibu na binadamu kuliko walivyo karibu na nyani.

Anayetaka kujua mipaka ya nchi ya bonobo hana haja ya kutafuta mawe ya mpaka, maana mpaka ni maji. Mto Kongo hutoka kusini ukaenda kaskazini, kisha hujipinda kama upinde mkubwa na kushuka tena kuelekea baharini. Ndani ya upinde huo, upande wa kusini, ndimo wanamokaa bonobo. Ng'ambo ya kaskazini ndiko waliko sokwe na gorila. Sokwe hajui kuogelea, wala bonobo hajui, na mto ule mahali pengi una upana wa kilometa nyingi. Wataalamu wasomao habari za damu wanakadiria ya kuwa wazee wa bonobo walitengana na wazee wa sokwe yapata miaka milioni moja hadi milioni mbili iliyopita. Wengi hudhani ya kuwa wachache walivuka wakati wa ukame mkuu, maji yalipopungua, kisha mto ukajaa nyuma yao wakashindwa kurudi.

Mwenye kuwaona wote wawili huwatofautisha upesi. Mwili wa bonobo ni mwembamba kuliko wa sokwe, miguu yake mirefu, mabega yake membamba, kichwa chake kidogo. Nywele za kichwani zimegawanyika katikati kama za mtu aliyetoka kwa kinyozi. Uso wake ni mweusi tangu siku ya kuzaliwa, hali watoto wa sokwe huzaliwa na uso uliopauka. Na midomo yake ni myekundu. Dume aliyekomaa ana uzito wa kilo 40 na zaidi kidogo, na jike kilo 30 na kitu. Sauti yake ni nyembamba na kali, hata asiyemwona angedhani ni ndege anayelia, na wageni waliozoea kelele nzito za sokwe hushangaa sana waisikiapo mara ya kwanza. Zamani watu wa Ulaya walimwita sokwe mbilikimo. Jina hilo halikumfaa, kwa kuwa yeye si mfupi kupita sokwe wengi.

FUVU LILILOKAA KABATINI

Wenyeji wa misitu ya Kongo walimjua mnyama huyu tangu zama za mababu. Huko Ulaya hakujulikana kwa kuonekana akiwa hai, bali kwa fuvu lililowekwa katika jumba la makumbusho la Tervuren, karibu na mji wa Brussels nchini Ubelgiji. Mwaka 1928 kijana wa Kimarekani, Harold Coolidge, alifika hapo kupima mafuvu ya gorila. Akaona fuvu dogo lililodhaniwa kuwa la mtoto wa sokwe. Alipolitazama vizuri aligundua ya kuwa vipande vya mifupa yake vimekwisha kuungana kabisa, jambo ambalo halitokei mpaka mnyama awe amekomaa. Basi, huyu hakuwa mtoto. Alikuwa mkubwa mwenye kichwa kidogo. Coolidge akaliweka jambo hilo moyoni ili aliandike baadaye kwa makini. Baada ya majuma machache akaja Mjerumani, Ernst Schwarz, akaelezwa habari ile ile, naye hakungoja. Mwaka 1929 alitangaza kwa maandishi ya kuwa ameona aina mpya ya sokwe. Coolidge alipata sehemu yake ya sifa mwaka 1933, alipothibitisha ya kuwa mnyama huyu si tawi la sokwe tu, bali ni wa namna yake mwenyewe.

Kumbe miaka michache kabla ya hapo bonobo mmoja alikuwa amekwisha ishi mikononi mwa mtaalamu bila kutambuliwa. Mwaka 1923 Profesa Robert Yerkes wa Marekani alinunua wanyama wawili wadogo akidhani wote ni sokwe. Mmoja, aliyeitwa Chim, alimshangaza kwa akili, uchangamfu na upole, hasa kwa jinsi alivyomtunza mwenzake aliyekuwa mgonjwa. Chim alikufa mwaka 1924, na Yerkes akaandika kitabu akimsifu kuliko wanyama wote wa jamii hiyo aliopata kuwajua. Baadaye ndipo ilipotambulikana ya kuwa Chim alikuwa bonobo.

Jina lenyewe lilitolewa mwaka 1954 na wataalamu wawili, Eduard Tratz na Heinz Heck, ambao walisema ya kuwa ni neno la wenyeji. Lakini hakuna kabila la Kongo lililopatikana linalomwita mnyama huyu bonobo. Yasemekana ya kuwa ni jina la Bolobo, mji ulio kando ya Mto Kongo, lililoandikwa vibaya juu ya sanduku la kusafirishia wanyama. Kosa la karani wa bandarini, kama hadithi hiyo ni ya kweli, limeenea dunia nzima.

Mabwana hao wawili waliandika pia habari ya kusikitisha. Katika bustani ya wanyama ya Hellabrunn, mjini Munich, walikuwako bonobo pamoja na sokwe. Mwaka 1944, ndege za vita zilipoupiga mji huo mabomu, bonobo wote walikufa kwa hofu ya mshindo. Sokwe waliokuwa karibu nao hawakudhurika.

MGENI WA WAMBA

Kwa muda mrefu yaliyojulikana ni ya wanyama wa vizimbani tu. Mwaka 1973 Profesa Takayoshi Kano wa Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani, aliingia katika misitu ya bonde la Kongo, akisafiri sehemu kubwa ya njia kwa baiskeli, akiuliza kijiji kwa kijiji walipo bonobo. Mahali pengi aliambiwa ya kuwa walikuwapo zamani, wakaliwa. Mwishowe akafika Wamba, penye watu wa kabila la Bongando, na hapo akakuta jambo tofauti. Bonobo walikuwa wengi, na hawakuwaogopa watu sana.

Sababu ilikuwa mwiko. Wazee wa Bongando walifundisha ya kuwa hapo kale bonobo na watu walikuwa ukoo mmoja, na kwa hiyo si halali mtu kula nyama ya bonobo, kama vile isivyo halali kumla ndugu yake. Wazee hao hawakuwa na darubini wala vitabu vya elimu ya damu, lakini itaonekana hapa chini jinsi neno lao lilivyokuwa karibu na kweli. Kano alianza kazi yake Wamba mwaka 1974. Ili wanyama wamzoee alipanda miwa, na bonobo wakawa wakitoka msituni kuila mbele ya macho yake. Wanafunzi wake na wanafunzi wa wanafunzi wake wameiendeleza kazi hiyo, na Wamba imekuwa mojawapo ya mahali ambapo wanyama wa mwituni wamejulikana mmoja mmoja kwa majina kwa muda mrefu kupita kiasi cha kawaida.

Karibu wakati ule ule wataalamu wengine walianza kazi Lomako, upande wa magharibi ya hapo. Siku hizi habari nyingi hutoka pia LuiKotale, karibu na hifadhi ya taifa ya Salonga, na Kokolopori, ambako wenyeji wenyewe ndio wanaofuatilia makundi alfajiri mpaka jioni, ndipo wageni wakaandika.

AKINA MAMA NDIO WENYE SAUTI

Kundi la bonobo huwa na wanyama kadha wa kadha, madume na majike na watoto. Dume hubaki katika kundi alilozaliwa maisha yake yote. Jike akikaribia utu uzima huondoka, akaenda kuolewa ugenini, kama mtu anavyoweza kusema. Kwa sokwe desturi ni hiyo hiyo. Tofauti inaonekana baada ya jike kufika. Jike wa sokwe katika kundi jipya hukaa mbali mbali na wenzake, akitafuta chakula peke yake na mwanawe, na dume ye yote aliyekomaa ni bwana wake. Jike wa bonobo akifika ugenini hutafuta kwanza urafiki wa jike mkubwa mwenye heshima. Humkalia karibu, humtoa chawa, humfuata penye chakula. Akikubaliwa na huyo, amekubaliwa na wote.

Majike hao si wa tumbo moja, wala hawakukua pamoja, lakini husimama pamoja kuliko ndugu. Dume akimwonea mmoja wao, wengine hupiga kelele na kumjia kwa pamoja, na dume hukimbia, wala si mara moja wala mbili kwamba ametoka hapo na jeraha la kidole au sikio. Mwaka 2025 wataalamu walikusanya habari za makundi sita zilizoandikwa kwa muda wa karibu miaka 30. Walikuta ya kuwa katika ugomvi wa jike na dume, majike hushinda mara nyingi zaidi kuliko kushindwa. Na kila majike walipoungana kumshambulia mtu wa kundi lao, mara 85 katika kila 100 aliyeshambuliwa alikuwa dume. Dume ni mkubwa kwa mwili kuliko jike, na meno yake ni marefu. Hapana budi basi kusema ya kuwa nguvu ya majike haimo katika mikono yao.

Hata cheo cha dume hutegemea mama yake. Dume mtu mzima hutembea na mama yake, na mama humsaidia kukaa karibu na majike na kuwafukuza madume wengine. Mwaka 2019 ilitangazwa ya kuwa dume ambaye mama yake yu hai katika kundi hupata watoto kama mara tatu ya yule asiye na mama. Kwa sokwe jambo hilo halikuonekana.

Jambo moja haliwezi kuachwa, ijapokuwa si la kuandikwa kwa urefu katika gazeti linalosomwa nyumbani mbele ya wazee na watoto. Bonobo hutumia tendo la kujamiiana si kwa ajili ya kuzaa tu, bali pia kwa kupoza hasira. Wafikapo penye mti uliojaa matunda, mahali ambapo sokwe wangeanza kutishana, bonobo hukumbatiana na kusuguana kwanza, majike kwa majike zaidi ya wote, kisha huketi kula. Waandishi wengine wa Ulaya na Marekani wameandika juu ya jambo hilo kana kwamba wanyama hawa hawana kazi nyingine mchana kutwa. Hiyo ni chumvi. Tendo lenyewe huchukua sekunde chache, na saa nyingi za siku hutumika katika kutafuta matunda, kupumzika, na kutoana chawa kama watu wanavyosukana nywele barazani.

VITA VYA GOMBE

Ili kuelewa kwa nini habari za bonobo ziliwashangaza wataalamu, yafaa kukumbuka yaliyotokea Tanzania. Mwaka 1960 Dakta Louis Leakey, mwenyeji wa Kenya aliyechimba mifupa ya watu wa kale, alimtuma Jane Goodall kwenda Gombe kuwatazama sokwe. Goodall aliona mambo mengi mema: sokwe wakitengeneza vijiti vya kuvulia mchwa, wakibembelezana, wakiomboleza. Kisha kundi aliloliangalia likagawanyika sehemu mbili. Kati ya miaka 1974 na 1978 madume wa sehemu ya kaskazini, iliyoitwa Kasakela, walikuwa wakivuka mpaka kimya kimya, kwa mstari, wakimtafuta adui aliye peke yake. Waliwashambulia madume wa sehemu ya kusini, iliyoitwa Kahama, mmoja baada ya mwingine, mpaka wote wakawa wameuawa au kutoweka. Na wale waliokufa waliwahi kuwa wenzi wao wa zamani.

Wengine walisema haya yametokea Gombe tu. Mwaka 2014 hesabu za makundi 18 ya sokwe kutoka sehemu mbalimbali za Afrika zilitolewa: mauaji 152 yaliyoonekana au kudhaniwa. Kwa bonobo, katika makundi manne yaliyofuatiliwa, lilikuwako tukio moja tu la kushukiwa.

Makundi mawili ya bonobo yakikutana msituni, hapo mwanzo huwa makelele mengi. Madume hukimbia huku na huku wakiburuta matawi. Kisha majike wa upande mmoja huvuka kwenda kwa majike wa upande wa pili, watoto huanza kucheza, na baada ya muda makundi yote mawili yamekaa juu ya mti mmoja. Huko Kokolopori wataalamu Liran Samuni na Martin Surbeck walieleza mwaka 2023 ya kuwa bonobo wa makundi mawili hutembea pamoja hata siku kadhaa, hutoana chawa, na hupeana matunda, ingawa si jamaa na hakuna malipo ya papo kwa papo. Mwaka 2021 ilitolewa habari ya Wamba iliyo ya ajabu zaidi: majike wawili walikuwa wakilea watoto wa kike waliotoka katika makundi mengine, wakiwabeba na kuwapa chakula. Mmoja wa walezi hao, aitwaye Chio, alikuwa mzee ambaye watoto wake mwenyewe walikwisha kukua.

CHANZO CHA AMANI HIYO

Richard Wrangham, profesa wa Chuo Kikuu cha Harvard, alileta maelezo ambayo wengi wameyapokea. Upande wa kaskazini wa mto, asema, gorila hula majani na mashina laini yaliyo chini ya miti, na sokwe hubakiwa na matunda. Matunda yakipungua, sokwe hawana budi kutawanyika ili kila mmoja apate riziki, na majike wenye watoto ndio wanaotengana zaidi. Upande wa kusini hakuna gorila. Bonobo wakikosa matunda hula yale majani, na hivyo majike huweza kutembea pamoja mwaka mzima. Na wakitembea pamoja huweza kuungana. Kwa maelezo haya amani ya bonobo imeota kutoka katika chakula.

Maelezo haya ni mazuri, lakini hayatoshi. Gombe hakuna gorila, na hata hivyo sokwe wa Gombe ndio waliopigana vita vile. Kweli, msitu wa Gombe ni mkavu zaidi na hauna majani mengi kama ule wa Kongo. Tena jike wa bonobo huonyesha dalili za kutaka dume kwa siku nyingi kupita zile ambazo aweza kushika mimba, hata madume hawajui siku iliyo ya kweli, na sababu moja ya kupigana hupungua. Yaelekea ya kuwa mambo haya yote yameshikana mikono, na haifai kulichagua moja tu na kulipa sifa yote.

Wala asidhani msomaji ya kuwa bonobo ni malaika. Huwinda paa wadogo na kima, wakawala. Mwaka 2024 walilinganishwa madume wa Kokolopori na madume wa sokwe wa Gombe, na ikaonekana ya kuwa madume wa bonobo hugombana wao kwa wao karibu mara tatu ya wale wa sokwe. Habari hii iliwachukiza watu waliozoea kuwasifu bonobo kupita kiasi, lakini haikuharibu kitu. Dume wa bonobo hugombana mmoja kwa mmoja, wala hakusanyi jeshi. Na ni mara chache mno kumpiga jike. Kwa sokwe ni kinyume: hugombana mara chache kwa kuwa wenzake ndio silaha yake, lakini wakiungana huua. Kwa hiyo hasira imo kwa wote wawili. Upole wa tabia si jawabu, kwa kuwa wasio wapole hawa hawauani. Kinachowatenga ni mpango wa jamaa: ni nani anayesimama pamoja na nani.

UDUGU WAO NA BINADAMU

Mwaka 2012 wataalamu waliokuwa Leipzig, Ujerumani, walimaliza kusoma maandishi yote ya urithi yaliyomo katika damu ya jike mmoja wa bonobo aitwaye Ulindi. Wakaona ya kuwa katika kila herufi 100 za maandishi hayo, bonobo na binadamu hutofautiana kwa kama herufi moja na theluthi. Bonobo na sokwe hutofautiana kwa chini ya nusu ya herufi. Kwa lugha ya nyumbani, bonobo na sokwe ni ndugu wa tumbo moja, na binadamu ni mtoto wa ami yao; hakuna kati ya wawili hao aliye karibu naye kuliko mwingine. Na zaidi ya sehemu tatu katika kila 100 za maandishi ya binadamu zafanana na za bonobo au za sokwe kuliko wawili hao wafananavyo wao kwa wao.

Jambo hili lina uzito katika shauri moja kubwa. Baada ya habari za Gombe, watu wengi wenye elimu walisema ya kuwa vita vya binadamu ni urithi wa damu, kwa kuwa jamaa yake wa karibu naye hupigana. Anayemtaja sokwe peke yake ameita shahidi mmoja, akamwacha mwingine nje ya baraza. Na anayemtaja bonobo peke yake, akadai ya kuwa binadamu kwa asili ni mtu wa amani, amefanya kosa lile lile.

Kuhusu akili, mwenye sifa kubwa kupita bonobo wote alikuwa Kanzi, ambaye jina lake ni la Kiswahili, maana yake hazina. Alizaliwa Marekani mwaka 1980, akalelewa na jike aliyeitwa Matata. Wataalamu, wakiongozwa na Sue Savage-Rumbaugh, walijitahidi kumfundisha Matata kuonyesha alama zilizochorwa ubaoni, kila alama ikiwa neno moja. Matata alishindwa, na Kanzi mdogo alikuwa akirukaruka mgongoni mwake kana kwamba hana habari. Siku Matata alipohamishwa, Kanzi akaenda kwenye ubao na kuanza kuzitumia alama zile, ambazo hakuna mtu aliyemfundisha. Baadaye alijaribiwa kwa sentensi 660 za Kiingereza alizozisikia kwa masikio tu, na akatenda kwa usahihi mara 72 katika kila 100. Mtoto wa kibinadamu wa miaka miwili alipata 66. Kanzi alikufa mwezi wa Machi mwaka 2025, akiwa na umri wa miaka 44.

MWIKO NA BUNDUKI

Bonobo waliobaki mwituni hukadiriwa kuwa 15,000 hadi 20,000, au kuzidi kidogo. Hesabu hiyo si ndogo kwa kuitazama, lakini jike wa bonobo huzaa mara ya kwanza akiwa na miaka 13 au zaidi, tena hukaa kama miaka mitano kabla ya kuzaa mwingine. Kundi likipoteza majike watatu kwa siku moja, hasara hiyo huchukua miaka mingi kulipika.

Sheria ya Kongo yakataza kumwua, na hifadhi ya Salonga, iliyoanzishwa mwaka 1970, ni mojawapo ya misitu mikubwa iliyolindwa katika Afrika nzima. Lakini msitu mkubwa ni mgumu kulinda. Tangu mwaka 1996 hadi 2002 Kongo ilikuwa katika vita, watafiti wakaondoka Wamba, askari wenye bunduki na njaa wakaingia. Askari hao wengi hawakuwa wa Bongando, na mwiko wa Wamba haukuwa wao. Watafiti waliporudi walikuta makundi mengine hayapo tena. Na hata vijana wa kabila lenyewe, waliosoma au kuhama au kuoa kwingine, hawaushiki wote mwiko wa babu zao kama zamani, hasa mahali ambapo nyama ndiyo fedha ya pekee ya kununulia chumvi na sabuni.

Watoto wanaobaki baada ya mama zao kuuawa huuzwa barabarani. Mwaka 1994 Claudine André alianza kuwakusanya, na leo mahali pao karibu na Kinshasa huitwa Lola ya Bonobo, maneno ya Kilingala yenye maana ya pepo ya bonobo. Yatima anayefika huwa amedhoofika, na mara nyingi hukataa chakula hata akiwekewa mbele yake. Kwa hiyo kila mmoja hupewa mwanamke wa kumbeba mgongoni na kumlisha kwa chupa, usiku na mchana, mpaka akubali kuishi. Wanawake hao huitwa mama. Ni katika mahali hapo, mwaka 2010, ilipoonekana ya kuwa bonobo aliyepewa chakula kizuri katika chumba chake, badala ya kula peke yake, humfungulia mlango mwenzake aliye chumba cha pili.

Mwaka 2009 kundi la kwanza la waliokua hapo lilirudishwa mwituni, katika msitu ulio karibu na mji wa Basankusu, mahali palipopewa jina la Ekolo ya Bonobo. Kabla ya kufunguliwa mlango, wenyeji wa vijiji vya jirani waliulizwa kwanza, wakafanya baraza, wakakubali ya kuwa katika msitu huo bonobo hatawindwa.